Aliyenigonga Hakuwa na Bima

Jambo la kwanza alilofanya kijana aliyenigonga pale Kikatiti lilikuwa kuniamkia. Alishuka kwenye gari lake dogo jeupe, akavuka mtaro, akainama dirishani kwangu na kusema, "Shikamoo mzee," nami kwa malezi niliyolelewa nikaitikia marahaba kabla sijagundua kwamba mkono wangu wa kushoto, uliokuwa kwenye gia, haunitii tena. Ilikuwa Jumapili jioni. Nilikuwa natoka Kibosho kurudi Arusha, nikiwa na mikungu mitatu ya ndizi nyuma ya gari, na kijana yule alikuwa akijaribu kunipita mimi pamoja na lori lililokuwa mbele yangu. Alipoona basi linakuja kutoka upande wa Usa River alirudi kushoto ghafla, na nafasi aliyoichukua ilikuwa ubavu wa gari langu. Mimi nikaishia mtaroni, ndizi zikaishia kiti cha mbele.

Jambo la pili alilofanya lilikuwa kuniomba tuyamalize pale pale. "Mzee wangu, tusisumbue watu, nitatengeneza gari lako mpaka ulisahau." Kila anayeendesha kati ya Moshi na Arusha analijua ombi hilo, na sitaki kujifanya kwamba sikushawishika, kwa sababu giza lilikuwa linaingia na kituo cha polisi hakina anayekitamani. Kilichoniokoa ni maumivu. Mkono ulikuwa umeanza kuvimba kama andazi, na mama mmoja aliyekuwa akiuza parachichi pembeni mwa barabara alisema kwa sauti ambayo wote tuliisikia kwamba mfupa huo umevunjika na mwenye akili hayamalizi mambo ya mfupa barabarani.

Trafiki walifika wawili. Mmoja wao, mwanamke mpole, aliingiza namba za gari la kijana kwenye simu yake, akasubiri mtandao, kisha akanionyesha kioo: bima ndogo, na tarehe ya mwisho iliyokuwa imepita siku 11 kabla. Akaingiza namba zangu. Bima ndogo pia, lakini hai, imebakiza miezi mitano. Nakiri kwamba nilijisikia kama mwanafunzi aliyeona jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. "Afande," nikamwambia, "si unaona, ya kwangu iko sawa." Alinitazama kwa huruma ambayo bado naikumbuka vizuri kuliko maumivu yenyewe. "Mzee, ya kwako iko sawa kwa ajili yake yeye. Kwa ajili yako wewe, ya kwake ndiyo ilitakiwa iwe sawa."

Mimi ni mhasibu. Kwa miaka 19 nimeandika vocha za bima za magari ya watu wengine, nimezipanga kwenye mafaili, nimewakumbusha mabosi kulipia upya, na siku ile nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa mtaro niligundua kwamba sikuwahi kusoma hata ukurasa mmoja wa kitu nilichokuwa nakilipia. Makala haya ni malipo ya uvivu huo.

Tuanze na jina lenyewe. Tunaita bima ndogo, lakini jina lake rasmi ni bima ya mtu wa tatu, na hesabu ya watu hao ndiyo inayoficha siri yote. Mtu wa kwanza ni wewe mwenye gari. Wa pili ni kampuni uliyoingia nayo mkataba. Wa tatu ni yule wa nje, ambaye hakusaini chochote na huenda hamjawahi kuonana: mwenda kwa miguu wa Maji ya Chai, dereva wa bodaboda, mimi ndani ya gari langu kwa upande wa kijana yule. Bima ndogo inamlipa mtu wa tatu pale wewe unapokuwa na kosa. Wewe mwenyewe, mfupa wako na gari lako, hamumo. Sheria yetu inayolazimisha bima hii, Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, sura ya 169, ambayo mizizi yake ni ya enzi za Mwingereza, inajali hasa vifo na majeraha ya watu wa nje. Uharibifu wa mali zao huingia kwa masharti ya mkataba na kwa kikomo kilichoandikwa humo.

Maana yake ni kwamba kila dereva aliye barabarani anatembea na kinga ya wenzake, na kinga yake yeye imo mifukoni mwa wenzake. Ni mpango mzuri sana iwapo kila mmoja ameutimiza. Asipoutimiza mmoja, anayeumia ni yule aliyetimiza wajibu wake. Hapo ndipo nilipokuwa nimekaa.

Watu hudhani tatizo ni yule asiye na bima kabisa, lakini nikiwa na plasta mkononi na muda mwingi wa kusoma niliona kwamba sura zake ni nyingi zaidi. Yupo asiyewahi kukata. Yupo ambaye bima yake imeisha siku 11, ambaye kwa mfuko wa aliyegongwa hana tofauti na wa kwanza. Yupo anayegonga na kukimbia, akakuachia vumbi na herufi mbili za namba ya gari. Na yupo wa nne, ambaye kwetu hatumzungumzii sana: ana bima, imelipiwa, inaonekana kwenye mfumo, ila haitoshi. Chukua gari la abiria lenye watu 14 lililogonga gari jingine lenye watu watano. Kama kikomo cha mkataba kwa ajali moja ni kiasi fulani, kiasi hicho kinagawanywa kwa majeruhi wote, na aliyevunjika mapaja yote mawili anasimama foleni moja na aliyechubuka kiwiko. Bima ilikuwepo. Haikufika.

Kijana alipelekwa mahakamani, akatozwa faini, akalipa. Faini ile ilikwenda serikalini, kama inavyostahili, na mkono ukabaki wangu. Sikuwahi kufikiri kwamba adhabu na fidia ni vitu viwili vinavyopita njia mbili tofauti. Nilikuwa na dhana ya kitoto kwamba mkosaji akipatikana na hatia, aliyekosewa analipwa. Fidia ilibidi niidai mwenyewe, kwa shauri la madai, ambalo kwa sheria yetu ya ukomo wa muda ya mwaka 1971 lina miaka 3 tangu siku ya tukio. Wakili niliyemwendea Arusha, karibu na Mnara wa Saa, aliniuliza swali moja tu kabla ya kuniuliza jina: "Huyu unayetaka kumshtaki ana nini?"

Hakuwa na kitu. Gari lilikuwa la mtu mwingine, naye alikuwa deiwaka, amepewa kwa siku mbili na dereva aliyekuwa msibani. Mwenye gari alipopigiwa simu alisema alishaliuza gari lile kwa makubaliano ya kulipwa kidogo kidogo, na mnunuzi ndiye aliyepaswa kukata bima. Mnunuzi akasema alielewana na mwenye gari kwamba bima ni yake mpaka deni liishe. Unaweza kushinda kesi dhidi ya watu wa namna hiyo, ukatoka na hukumu nzuri yenye mhuri, ukaifungia kabatini. Mwishowe tuliandikiana na kijana kwenye karatasi ya daftari, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kwamba atanilipa shilingi 1,850,000 za kunyoosha bodi, fenda, mlango na rangi. Alituma 150,000 kwa simu mwezi wa kwanza, 150,000 mwezi wa pili, na mwezi wa tatu namba yake ikawa haipatikani. Simlaumu sana. Aliyekuwa na uwezo wa kulipa milioni mbili asingekuwa deiwaka.

Gharama za hospitali zilibebwa na kadi yangu ya bima ya afya, baada ya kuchukua polisi fomu ya PF3 ya kutibiwa, na kwa hilo nashukuru. Lakini kadi ya afya inalipia picha na plasta. Haikulipia wiki sita ambazo sikuweza kuendesha, wala dereva niliyemlipa kunipeleka Njiro na kunirudisha, wala kazi ya pembeni ya kufunga hesabu za mwaka za mteja mmoja niliyoipoteza kwa sababu mhasibu anayechapa kwa mkono mmoja anachapa polepole mno. Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kuelewa jambo hili.

Dada yangu anaishi Dallas, katika jimbo la Texas, ni nesi. Nilipomsimulia, badala ya kunipa pole kwanza aliuliza, "Kwani wewe hukukata ile ya dereva asiye na bima?" Nikamwambia huku hakuna kitu cha jina hilo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema na yeye nusura asiwe nayo, na akanisimulia habari ambayo kwa miaka minne alikuwa amewaficha wazazi.

Marekani, kama kwetu, bima ya lazima ni ya kumlinda mtu wa tatu, na kila jimbo lina kiwango chake cha chini. Texas ni dola 30,000 kwa majeraha ya mtu mmoja, dola 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja, na dola 25,000 kwa mali. Kwa masikio ya Mtanzania ni fedha nyingi. Kwa hospitali za kule ni fedha za siku chache. California walikuwa kwa miaka mingi na 15,000, 30,000 na 5,000, hadi walipopandisha kuanzia Januari 2025 kuwa 30,000, 60,000 na 15,000. New Hampshire, na hili lilinichekesha, hawamlazimishi dereva wa kawaida kukata bima hata kidogo, ila ukiamua kukata, kinga dhidi ya wasiokata inakuja ndani yake.

Kinga hiyo ndiyo aliyokuwa akiizungumzia dada. Iko ya aina mbili zinazouzwa mara nyingi pamoja: moja ni ya kukulinda dhidi ya dereva asiye na bima au aliyekimbia, nyingine ni ya kukulinda dhidi ya dereva ambaye bima yake haikutosha. Unaikata kwenye kampuni yako mwenyewe, unailipia wewe, na ikitokea umegongwa na mtu wa namna hiyo, kampuni yako inakaa kwenye kiti ambacho kampuni ya mkosaji ilipaswa kukikalia. Inalipa matibabu, mshahara uliopotea, maumivu, na ukichukua na sehemu ya mali, hata gari. Texas inailazimu kila kampuni kumpa mteja kinga hiyo, na mteja akiikataa lazima akatae kwa maandishi. Hapo penye maandishi ndipo dada alipoponea. Wakala alimsogezea karatasi na kumwambia akisaini hapa na hapa ada ya mwezi itapungua. Alisaini pa kwanza, akauacha ukurasa wa pili kwa sababu simu ya kazini iliita, na aliporudi akauliza ile ya kwanza ilikuwa ya nini. Akaifuta.

Miezi michache baadaye aligongwa kwa nyuma kwenye barabara kuu, akaumia shingo na bega. Aliyemgonga alikuwa na bima halali ya kiwango cha chini. Hesabu yake, pamoja na miezi ambayo hakuweza kuinua wagonjwa, ilifika dola 85,000. Kampuni ya mkosaji ikatoa 30,000 na kufunga faili. Zilibaki 55,000.

Naomba msomaji anivumilie hapa, kwa sababu mhasibu hawezi kuipita hesabu hii bila kusimama. Tuseme kikomo cha kinga ya dada kingekuwa dola 50,000. Texas inatazama hasara: pengo ni 55,000, kikomo chake ni 50,000, anapata 50,000. California inatazama vikomo: inachukua 50,000 zako, inatoa 30,000 ambazo mkosaji alishalipa, unapata zisizozidi 20,000. Ajali moja, majeraha yale yale, neno moja kwenye mkataba, na tofauti ni dola 30,000. Zaidi ya hapo, mtu wa California aliyekata kinga ya 30,000, akagongwa na mwenye bima ya 30,000, hapati chochote kwenye sehemu hiyo, hata kama hasara yake ni laki moja. Alikuwa akilipia kinga ambayo dhidi ya dereva wa aina hiyo haiwezi kuamka. Kwa bahati nzuri kikomo cha dada kilikuwa 100,000.

Hata hivyo hakulipwa kwa urahisi. Alidhani kampuni yake, aliyoilipia kila mwezi bila kuchelewa, ingemkumbatia. Iligeuka mpinzani, na si kwa ukorofi, kwa muundo: imeshika nafasi ya mkosaji, kwa hiyo ina sababu zote za mkosaji za kupunguza dai. Mahakama ya juu ya Texas iliamua mwaka 2006 kwamba katika madai ya bima isiyotosha, kampuni haina deni la kimkataba mpaka ithibitike kisheria kwamba yule mwingine ana kosa na hasara ni kiasi gani. Dada alilazimika kuthibitisha bega lake kwa watu aliokuwa akiwaita "kampuni yangu." Ilichukua karibu miaka miwili, wakakubaliana kabla ya kufika mahakamani.

Na kulikuwa na mtego mwingine ambao ulinirudisha moja kwa moja pale Kikatiti. Kabla ya kupokea zile 30,000 na kusaini kwamba hana dai tena, ilimbidi aombe ridhaa ya kampuni yake. Kampuni inayokulipa kwa kosa la mtu mwingine hupata haki ya kumfuata mtu huyo idai kilicho chake. Ukishamsamehe kwa maandishi, umeisamehe na haki ya kampuni, nayo inaweza kukataa kukulipa. Nilipomsikiliza nilikumbuka "tuyamalize hapa hapa." Ningekuwa na bima kubwa siku ile, ile inayotengeneza hata gari lako mwenyewe, kisha nikasaini kikaratasi barabarani kwamba tumemalizana, ningekuwa nimejifungia mlango kwa mkono wangu mmoja uliobaki mzima.

Nchi nyingine zimelitatua tatizo hili bila kumwachia dereva achague kwenye fomu. Uingereza tangu mwaka 1946 wana taasisi ya kampuni za bima zenyewe, Motor Insurers' Bureau, inayowalipa waliogongwa na wasio na bima na waliokimbia, kwa fedha zinazotokana na ada za wenye bima wote. Afrika Kusini wana Mfuko wa Ajali za Barabarani unaokusanya tozo kwenye kila lita ya mafuta, ili kila anayejaza tanki awe amechangia, aliyekata bima na asiyekata. Mimi mfumo huo wa mafuta unanivutia kuliko yote, maana hakuna anayeweza kuendesha siku 11 bila kujaza mafuta, ingawa najua pia kwamba mfuko huo umekuwa na madeni makubwa na watu husubiri malipo kwa miaka. Mimi, katika ofisi zote nilizozunguka na plasta yangu, hakuna aliyenielekeza kwenye dirisha la namna hiyo.

Jirani zetu wa Kenya, ambao kwa mtu wa Arusha wako mwendo wa saa mbili tu kupita Namanga, wameweka kikomo katika sheria yenyewe: kampuni inawajibika kumlipa mtu wa tatu hadi shilingi milioni 3 za Kenya, na kinachozidi kinamfuata mwenye gari. Anayevuka Namanga au Holili na gari lake anapaswa kuwa na kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania tumeendelea kuitumia ingawa tulitoka kwenye jumuiya hiyo mwaka 2000, na kadi hiyo inakuwekea bima ya mtu wa tatu kwa matakwa ya nchi unayoingia. Lakini ni ile ile ya mtu wa tatu. Inamlinda Mkenya utakayemgonga.

Basi kwetu anayetaka kujilinda dhidi ya dereva kama kijana yule anafanya nini? Jibu la kila wakala ni bima kubwa, na ni jibu sahihi kwa nusu. Bima kubwa inatengeneza gari lako bila kujali nani ana kosa, na bila kujali kama mwenye kosa ana bima. Kampuni ikishalipa, yenyewe ndiyo inayomtafuta deiwaka, si wewe. Nilipopiga hesabu iliniuma. Gari langu lilithaminiwa kwa shilingi 12,000,000. Kwa asilimia 3.5 ada ni 420,000, ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 unafika 495,600. Bima ndogo nilikuwa nalipa 118,000. Tofauti ni 377,600 kwa mwaka. Matengenezo yalinigharimu 1,850,000, nikarudishiwa 300,000. Kila mmoja afanye hesabu yake kwa barabara anazopita na gari alilonalo; mwenye gari la milioni nne analolitoa Jumapili kwenda kanisani anaweza kufika kwenye jibu tofauti na langu, na sitamwita mjinga. Akumbuke tu kwamba kuna sehemu ya kila hasara atakayoibeba mwenyewe, ile ambayo mawakala huiita ekses, na kwamba kampuni hulipa thamani ya gari siku ya ajali, haitazami ulilinunua kwa bei gani.

Nusu ya pili ni mwili, na hapa ndipo nilipoona kwamba mimi na dada tulikuwa tukizungumzia vitu tofauti kwa muda mrefu bila kujua. Yeye alipoteza bega na kinga yake ilikuwa ya bega. Mimi nilipoteza mkono, na ningekuwa na bima kubwa, ingelipa fenda. Sisi huku tukisema "bima ya gari" tunamaanisha gari kweli kweli. Tunaweza kubishana na fundi wa Unga Limited juu ya rangi isiyofanana kwa nusu siku, lakini hatuulizi mtu aliyekuwa ndani ya gari lile atalipwa nini iwapo aliyemgonga hana kitu. Anayeumia akiwa kazini ana pa kukimbilia, maana mwajiri anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Waongoza watalii wa hapa Arusha wanapaswa kulijua hilo vizuri zaidi ya mtu yeyote. Lakini mimi nilikuwa nimebeba ndizi Jumapili.

Mikataba mingi ya bima kubwa ina kipengele kidogo cha ajali binafsi kwa dereva, pengine na abiria, chenye kiasi maalumu kwa kifo, kwa ulemavu wa kudumu na kwa matibabu. Kinalipa bila kuuliza kosa la nani, na kwa sababu hiyo, katika yote tuliyonayo, ndicho kilicho karibu zaidi na kinga ya dada. Kinaweza kuongezwa kwa ada zaidi, au mtu akakata bima ya ajali binafsi peke yake, isiyohusiana na gari, ikamfuata hata akiwa kwenye hiace au nyuma ya bodaboda. Binafsi naona hii ya pili inamfaa mtu wa Moshi au Arusha kuliko bima kubwa yenyewe iwapo fedha zinatosha kimoja tu, maana wengi wetu tunagongwa tukiwa kwenye vyombo vya watu wengine.

Mwaka huu nilipokuwa nakata bima kubwa kwa mara ya kwanza, nilimwomba wakala wangu, binti mwenye ofisi ndogo karibu na Kilombero, anitumie mkataba mzima kabla sijalipa. Alicheka kwanza. "Baba, mkataba hausomwi, unatunzwa." Nilimwambia nitausoma, na kwamba nina maswali mawili tu: nikigongwa na asiye na bima nikavunjika mkono, mkataba huu unanipa shilingi ngapi, na abiria niliyempa lifti anahesabiwa kama nani. Swali la pili alilijibu siku ile ile: ndani ya gari la binafsi asidhaniwe yumo mpaka uone ameandikwa. Swali la kwanza lilimchukua siku mbili, akapiga simu makao makuu ya kampuni, akarudi na kiasi ambacho kisingefika hata nusu ya nilichompa dereva wa kunipeleka Njiro kwa wiki sita.

Akaniuliza kama nataka kukiongeza, na kwamba itabidi waniandikie bei mpya. Nikamwambia aandike. Alikuwa na kalamu mkononi na fomu mbele yake, akafika kwenye kisanduku cha kuuliza kama mteja amewahi kupata ajali, akanitazama. Nikanyoosha mkono wa kushoto juu ya meza ili auone mwenyewe. Kifundo hakijanyooka sawasawa, na wakati wa baridi ya Juni kinauma.

"Aliyekugonga alikuwa na bima ya kampuni gani?" akauliza, kalamu ikisubiri.

Nikamwambia aache wazi.